Nani agawe anwani za Wi-Fi: ruta, akses pointi au mkono wako?

Mgeni ameingia chumbani, ameandika nywila ya Wi-Fi, simu imekubali na alama ya mawimbi imejaa. Hakuna kinachofunguka. Anashuka mapokezi kulalamika kwamba intaneti ni mbovu. Mhudumu anafungua simu yake, na kwake intaneti inakwenda bila shida. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wako kwenye Wi-Fi yenye jina moja, ndani ya jengo moja.

Hali hiyo niliikuta kwenye nyumba ya wageni ya vyumba 12 huko Bagamoyo. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alinipokea na uchungu wake: "Fundi, mwanangu, kila mwezi nalipia intaneti, na wageni wananiona tapeli." Nikamwambia, "Pole mama. Ngoja kwanza tuone hizi simu zinapewa anwani na nani." Kasi ilikuwa nzuri na kifurushi kilikuwa hai. Kilichoharibu ni kwamba vifaa viwili vilikuwa vinagawa anwani, yaani namba inayotambulisha kila kifaa mtandaoni, kwenye waya mmoja: ruta ya kampuni ya intaneti iliyoko mapokezi, na ruta ya pili iliyofungwa ghorofani ili kuongeza mawimbi. Simu iliyojibiwa na ruta ya chini ilipata intaneti. Iliyojibiwa na ya juu ilipewa anwani yenye sura nzuri kabisa, ila ikaelekezwa kwenye lango la kwenda intaneti lisilotokea popote.

Tangu siku ile, nikiitwa kufunga Wi-Fi swali langu la kwanza huwa nani atagawa anwani. Majibu yako matatu: ruta, akses pointi (kifaa kinachorusha Wi-Fi kutoka kwenye waya wa mtandao) au mkono wako, na kila moja lina mahali pake.

Anwani inavyopatikana

Simu inapojiunga na Wi-Fi haina anwani. Inapaza sauti mtandaoni kuuliza kama kuna mgawaji. Mgawaji anajibu kwa kuitajia anwani iliyo wazi, simu inasema naitaka hiyo, kisha mgawaji anathibitisha na kuiandika kwenye daftari lake. Ni hatua nne tu, na kwa kawaida zinaisha kabla hujaweka simu mezani. Utaratibu huu unaitwa DHCP. Aliyeuandika ni Ralph Droms, na toleo tunalolitumia mpaka leo kwa anwani za kawaida za IPv4 ni la mwaka 1997.

Pamoja na anwani, simu hupewa mambo mengine: kipimo cha ukubwa wa mtandao, ambacho majumbani mara nyingi ni 255.255.255.0, lango la kutokea nje, na seva ya DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Hupewa pia muda. Anwani haitolewi iwe mali ya simu, hupangishwa kama chumba. Nusu ya muda wa pango ikifika, simu huomba kuongezewa. Isipoongezewa na muda ukaisha, anwani inarudi kwa mgawaji na mwingine anaweza kupewa.

Hapo kuna jambo la kulishika vizuri. Simu haijui nani ana haki ya kujibu, na kwa kawaida inachukua jibu la kwanza kufika. Wagawaji wakiwa wawili, leo atawahi huyu na kesho yule, ndiyo maana tatizo linakuja na kuondoka bila mpangilio na watu wanaishia kuwasha na kuzima vifaa mchana kutwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ukitaka kumjua aliyekupa anwani, kwenye kompyuta ya Windows andika ipconfig /all na utafute mstari wa seva ya DHCP. Namba iliyoandikwa pale ndiyo ya mgawaji wako. Ukiona anwani yako inaanza na 169.254, hakuna aliyekujibu; kompyuta imejipa yenyewe.

Ruta igawe, akses pointi ipitishe tu

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa nyumba, duka, ofisi ndogo na nyumba ya wageni. Ruta iliyo karibu na intaneti inagawa anwani kwa kila kitu, na akses pointi inakuwa kama kebo isiyoonekana: inapokea simu kwa mawimbi na kuzipitisha kwenye waya bila kuingilia.

Faida yake unaiona ukitembea. Ukitoka sebuleni ukiongea kwa video na kupanda ghorofani, simu inahama kutoka akses pointi moja kwenda nyingine lakini anwani inabaki ileile. Mazungumzo yanaweza kukwama kidogo kisha yakaendelea. Printa iliyoko chini inaonekana na laptopu iliyoko juu, kwa sababu wote wako kwenye mtandao mmoja. Na siku ya tatizo unafungua daftari moja tu la anwani.

Kama umenunua akses pointi halisi, kazi ni ndogo, kwa kuwa nyingi huja tayari kupitisha tu. Akses pointi za UniFi za Ubiquiti, kwa mfano, hazigawi anwani kabisa. Zenyewe huomba anwani kwa ruta, na zikiikosa hujipa 192.168.1.20. Zile za TP-Link za aina ya EAP zikikosa mgawaji hujiweka kwenye 192.168.0.254. Namba hizo zihifadhi, utazihitaji siku ruta imekufa na unataka kuingia kwenye kifaa.

Wengi wetu lakini hatununui akses pointi halisi. Tunachukua ruta ya zamani iliyokuwa kabatini na kuigeuza. Ikiwa ndani ya mipangilio yake kuna hali ya akses pointi, ichague na itajipanga yenyewe. Ikiwa haina, fuata mpangilio huu na usiupindue. Kwanza badilisha anwani yake iingie kwenye mtandao wa ruta kubwa, nje ya zile zinazogawiwa. Ruta kubwa ikiwa 192.168.1.1 na inagawa anwani zenye namba ya mwisho kuanzia 100 hadi 199, ipe hii ndogo 192.168.1.2. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya, weka jina na nywila ya Wi-Fi sawa na za ruta kubwa, na chaneli tofauti. Kwa mawimbi ya 2.4 GHz chagua kati ya 1, 6 na 11. Mwisho kabisa, zima DHCP. Halafu chomeka waya kwenye tundu la LAN, la vifaa vya ndani, siyo lile la WAN, la kuingizia intaneti.

Kwa nini DHCP izimwe mwisho? Ukiizima mwanzoni, kompyuta yako ikipoteza anwani hutaweza kurudi ndani ya kifaa, na hapo ndipo watu hushika kitufe cha kufuta mipangilio yote na kuanza upya. Ikikutokea, usifute. Ipe kompyuta kwa mkono anwani ya mtandao uleule wa kifaa, mfano 192.168.1.10 ikiwa kifaa kiko 192.168.1.2, utaingia.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kila kitu kinategemea ruta moja. Na baadhi ya ruta zinazotolewa na kampuni za intaneti zimefungwa kiasi kwamba huwezi kubadilisha muda wa pango wala idadi ya anwani. Hapo ni heri kununua ruta yako, kuiweka nyuma ya ile ya kampuni, na kuifanya iwe mgawaji wa nyumba nzima. Wi-Fi ya kifaa cha kampuni uizime, ili mtu asijiunge huko kwa bahati mbaya.

Akses pointi igawe yenyewe

Hapa inabidi nitenganishe hali mbili, maana watu huzichanganya na kulaumu kifaa kisicho na kosa.

Hali ya kwanza ni pale "akses pointi" yako ni ruta iliyochomekwa kwa tundu la WAN. Inapokea anwani moja kutoka ruta kubwa, kisha inajenga mtandao wake ndani, tuseme 192.168.5.x, na kugawa anwani huko. Huo ni mtandao ndani ya mtandao. Unafanya kazi, mradi namba za ndani na za nje zisifanane. Ukiacha pande zote mbili 192.168.1.x, ruta ya ndani haitajua ipeleke wapi. Gharama yake ni kwamba walio nje hawawaoni walio ndani. Laptopu ya sebuleni haitaiona printa iliyo chumba cha ndani, simu haitaikuta televisheni ya kurushia video, na baadhi ya michezo ya mtandaoni italalamika.

Wengi hukubali gharama hiyo kwa nia njema: wanataka kuwatenga wageni. Wanafunga ruta ya pili kwa ajili ya wageni na kuamini ofisi iko salama. Nisikilize hapa, kwa sababu kosa hili nimelikuta kwenye sehemu zenye kompyuta za fedha. Ukuta wa ruta unazuia wanaotoka nje kuingia ndani. Hauzuii walio ndani kutoka. Ukimweka mgeni ndani ya ruta ya pili, simu yake ikitafuta njia ya intaneti inapita katikati ya mtandao wa ofisi, na kila kilichopo hapo, kompyuta, printa, kinasa cha kamera, kinafikika kwake. Umemfungia mgeni chumba cha uani, lakini mlango wake wa pekee unapitia chumbani kwako. Ugeuze mpangilio: wageni wakae kwenye ruta ya nje, ofisi ikae ndani ya ruta ya pili.

Kuna njia nzuri zaidi, nayo ni ruta inayoweza kuendesha mitandao kadhaa kwa wakati mmoja, kama MikroTik, ikigawa anwani za kundi moja kwa wageni na za kundi jingine kwa ofisi, huku akses pointi ikirusha majina mawili ya Wi-Fi kupitia waya mmoja. Inahitaji VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya waya mmoja, na mtu anayeijua. Kwa hoteli au shule kubwa, lipia hiyo.

Hali ya pili ni akses pointi inayogawa anwani bila kuwa ruta. Akses pointi za Cisco Aironet zinazojitegemea zinaweza hivyo: unataja anwani zisizogawiwa, unaunda kundi la anwani, unaweka muda wa pango, ambao usipoutaja ni siku moja, na unataja lango. Kosa linaloumiza hapa ni kuandika anwani ya akses pointi kwenye nafasi ya lango. Akses pointi siyo njia ya kutokea, ni mgawaji tu. Lango liwe ruta halisi. Ukikosea hapo utapata ugonjwa uleule wa Bagamoyo: anwani nzuri, intaneti hakuna.

Njia hii huitafuti kwa ajili ya nyumba yenye intaneti. Inang'ara mahali pasipo na ruta kabisa. Fikiria shule ya kijijini isiyo na intaneti, yenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyojazwa masomo kupitia Kolibri, programu ya Learning Equality iliyotengenezwa kutumika nje ya mtandao. Hapo Raspberry Pi au akses pointi lazima igawe anwani yenyewe, kwa sababu hakuna mwingine wa kugawa. Lango halihitajiki, maana hakuna pa kutokea. Simu za wanafunzi zitasema Wi-Fi haina intaneti na kuuliza kama zibaki. Waambieni wakubali kubaki, au wazime data, la sivyo simu zitarudi kwenye laini na masomo hayatafunguka. Hiyo ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na kwa kazi hiyo sijaona mpinzani wa njia hii.

Kuandika anwani kwa mkono

Kwa simu za watu, usifanye. Mtu akiandikiwa anwani kwa mkono nyumbani kwako, kisha mipangilio hiyo ikafutwa nusu au jina la Wi-Fi likafanana na la mahali pengine, atahangaika asijue sababu. Na ukisahau uliyempa 192.168.1.50, utampa mwingine, na wote wawili wataanza kukatika kwa zamu.

Kwa vitu visivyohama, ni jambo jingine. Printa, kinasa cha kamera na akses pointi yenyewe vinatakiwa kukaa kwenye anwani moja miaka yote. Kwa hivyo tenga eneo: toka 2 hadi 50 viwe vya kudumu, toka 100 hadi 199 vigawiwe. Mpaka ukiwa wazi, hakuna kugongana.

Mimi hata printa siiandikii anwani ndani yake siku hizi. Naiacha iombe kama wengine, kisha kwenye ruta naiwekea nafasi: kifaa chenye namba hii ya MAC, ile ya utambulisho kinayopewa kiwandani, kipewe anwani hii daima. Kumbukumbu yote inakaa sehemu moja, na printa ikihamishiwa ofisi nyingine haihitaji kuguswa. Ukifanya hivyo kwa simu, angalia kwamba kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia namba ya MAC ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Namba iliyobandikwa kwenye boksi haitalingana. Chukua ile inayoonekana kwenye orodha ya ruta, au zima hali hiyo kwa Wi-Fi yako peke yake.

Hesabu na umeme

Mtandao wa 255.255.255.0 una anwani 254 za kutumia. Zinaonekana nyingi mpaka uhesabu watu. Nyumba ya vyumba 12, wageni wawili kila chumba, kila mmoja na simu na laptopu, ni vifaa 48. Ongeza wafanyakazi, anwani 100 zinatosha. Mgahawa ni kesi tofauti. Wateja 150 wanapita kwa siku, kila mmoja kwa nusu saa, na ruta inagawa anwani 50 kwa pango la saa 24. Wateja 50 wa asubuhi wakishaondoka na anwani zao mfukoni, wa 51 hapati kitu, ingawa meza nusu ziko tupu. Huna haja ya ruta mpya. Punguza pango liwe saa moja au mbili. Nyumbani acha saa 12 au 24. OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, kwa mfano, huja ikiwa na saa 12 na anwani 150 kuanzia 100, na sioni sababu ya kuibadilisha kwa familia.

Umeme unastahili kufikiriwa kabla hujachagua. Umeme ukikatika, akses pointi ya ghorofani ikawa na betri lakini ruta inayogawa haina, waliopewa anwani wanabaki nazo hadi pango liishe, ila anayejiunga sasa hapati chochote. Kwa hiyo betri ndogo ya kwanza kununua ni ya kifaa kinachogawa anwani, pamoja na kile kinacholeta intaneti. Jambo la pili ni daftari. Ruta nyingi za bei nafuu huliweka kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukizimika. Zikiwaka hazimkumbuki mtu, ilhali simu bado zimeshika anwani zao, na mgeni mpya anaweza kupewa anwani ya mtu. Programu ya dnsmasq, inayofanya kazi hii ndani ya OpenWrt, inajikinga kwa njia mbili: huchagua anwani kwa kuikokotoa kutoka namba ya MAC, hivyo simu ileile hupata anwani ileile, na kabla ya kutoa anwani huipigia hodi kwanza kuona kama kuna anayeijibu. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, hilo peke yake linatosha kunifanya nichague ruta inayotumia programu hiyo.

Tulivyoamua Bagamoyo

Ruta ya kampuni ndiyo iliyobaki mgawaji wa wageni, anwani 100 hadi 199, pango la saa 12. Ile ya ghorofani ilikuwa kwenye 192.168.0.1, ikigawa anwani za kwake na kujitaja kuwa lango wakati tundu lake la WAN lilikuwa tupu. Tukaipa 192.168.1.2, tukazima DHCP, jina la Wi-Fi likabaki moja juu na chini.

Mama alikuwa na kompyuta ya kuandikia wageni, printa na kinasa cha kamera nane, vyote kwenye mtandao uleule wa wageni. Nilimwomba anunue ruta ndogo ya tatu. Tukaichomeka kwa tundu la WAN chini ya meza ya mapokezi, ikagawa 192.168.5.x, na vitu vyote vya ofisi vikahamia nyuma yake kwenye Wi-Fi yenye jina na nywila yake. Mhudumu akitaka kuchapisha risiti kwa simu anajiunga na ya ofisi. Kwenye ile ya wageni printa haionekani tena, na mgeni naye haioni. Nikabandika karatasi chini ya kila kifaa yenye anwani yake na neno moja: "inagawa" au "inapitisha". Betri ndogo tuliinunua wiki iliyofuata, ikawekwa kwenye ruta ya kampuni.